Mwongozo wa kubaini kama mama anayenyonyesha anastahili kutumia pete ya homoni ya uzazi wa mpango

Mama anayenyonyesha anapoomba pete ya homoni, maswali mawili hutangulia mengine yote: pete iliyopo ni ya aina gani, na mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku. Fomu nyingi za kumwandikisha mteja wa uzazi wa mpango zina kisanduku kimoja tu cha “ananyonyesha”, nacho hutiwa alama ya ndiyo au hapana. Kwa vidonge, sindano au vipandikizi, jibu hilo likiongezwa umri wa mtoto huweza kumfikisha mtoa huduma mbali. Kwa pete halimfikishi popote, kwa sababu ipo pete inayozuia mimba pale tu mama anaponyonyesha vya kutosha, na ipo nyingine ambayo kunyonyesha kwenyewe ndiko kunakomwekea mama kizuizi.

Mwongozo huu unamlenga muuguzi, mkunga na tabibu anayekaa na mteja ana kwa ana, ingawa mama mwenyewe anaweza kuusoma ili ajue ataulizwa nini na kwa sababu gani. Madaraja yanayotajwa ni yale ya Shirika la Afya Duniani (WHO) katika toleo la tano la vigezo vya kitabibu, la mwaka 2015: daraja la 1 maana yake njia itumike bila kizuizi, la 2 faida kwa kawaida huzidi hatari, la 3 hatari kwa kawaida huzidi faida, na la 4 njia isitumike kabisa. Pale mwongozo wa kitaifa unapotofautiana na madaraja hayo, mtoa huduma afuate mwongozo wa nchi yake.

Hatua ya kwanza: Jua ni pete ipi

Pete ya projesteroni ilibuniwa mahususi kwa ajili ya mama anayenyonyesha. Ni pete laini ya silikoni, yenye kipenyo cha karibu sentimita 6, inayoachia takribani miligramu 10 za projesteroni kwa siku. Projesteroni hiyo ni sawa na ile inayotengenezwa na mwili wa mwanamke, na haina estrojeni, homoni nyingine ya kike, ndani yake. Pete moja hukaa ukeni siku 90 mfululizo bila mapumziko, kisha hubadilishwa, na mama anaweza kutumia hadi pete nne zikifuatana ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto. Mwaka 2015 iliingizwa kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, na kabla ya hapo ilikuwa imeshatumika katika nchi kadhaa za Amerika ya Kusini.

Pete ya pili ni ile ya mchanganyiko, yenye estrojeni na projestini (homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni) kwa pamoja. Mpangilio wake unaojulikana zaidi ni wa kukaa ukeni wiki tatu na kutolewa kwa wiki moja. Aina moja hutupwa kila mwezi, na ipo nyingine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ambayo huoshwa na kurudishwa hadi mizunguko 13. Hii haikutengenezwa kwa ajili ya kunyonyesha, na mashaka yote yanayoizunguka kwa mama mwenye mtoto mchanga yanatokana na estrojeni iliyomo.

Usitambue pete kwa kuitazama. Zote ni duara, zote ni laini, na unene wake unaweza kufanana. Soma pakiti, taja jina la dawa iliyomo, kisha uliandike kwenye kadi ya mteja. Tahadhari hii ina uzito zaidi mahali ambapo pete ya dapivirini inatolewa, kwa kuwa pete hiyo ni ya kupunguza hatari ya kuambukizwa Virusi vya Ukimwi na haizuii mimba hata kidogo. Mama anayesema “tayari nina pete” anaweza kuwa na hiyo, na anayeitegemea kuzuia mimba hana kinga yoyote ya mimba.

Hatua ya pili: Hesabu umri wa mtoto kwa wiki

Uliza tarehe ya kuzaliwa, au iangalie kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, kisha uhesabu mwenyewe. “Ana mwezi mmoja na kitu” ni jibu la kawaida kabisa katika mazungumzo, lakini kwenye pete wiki moja au mbili zinaweza kugeuza uamuzi mzima. Kwa mama aliyejifungua kabla ya wakati, hesabu bado huanzia siku ya kujifungua, kwa sababu kinachopimwa hapa ni mwili wa mama baada ya uzazi wala si ukuaji wa mtoto.

Kwa pete ya projesteroni, mpaka ni wiki nne kamili, yaani siku 28. Mama anayenyonyesha aliyefikisha wiki hizo yuko daraja la 1. Kwa kawaida pete ya kwanza huwekwa kati ya wiki ya nne na ya tisa baada ya kujifungua, wakati ambapo maziwa yameshatulia na mama na mtoto wameshazoeana. Aliye na wiki tatu arudi wiki inayofuata. Mpe tarehe iliyoandikwa na kondomu za kutumia hadi siku hiyo, kwani anayeambiwa “rudi baadaye” bila tarehe huwa amerudishwa mikono mitupu.

Kwa pete ya mchanganyiko vipindi ni vitatu. Kabla ya wiki sita, mama anayenyonyesha yuko daraja la 4. Kuanzia wiki sita hadi kabla ya miezi sita, ikiwa chakula kikuu cha mtoto bado ni maziwa ya mama, yuko daraja la 3. Kuanzia miezi sita na kuendelea, yuko daraja la 2. Sababu ni mbili, nazo zisichanganywe. Ya kwanza ni damu kuganda ndani ya mishipa: baada ya kujifungua, damu ya mwanamke huganda kwa urahisi kuliko kawaida, hatari hiyo ni kubwa zaidi katika wiki tatu za mwanzo na hupungua kuelekea hali ya kawaida kufikia wiki ya sita, na estrojeni huiongeza. Ya pili ni maziwa, kwa kuwa estrojeni inaweza kuyapunguza wakati mtoto hana chakula kingine cha kutegemea. Mwongozo wa Marekani umelegea zaidi katika sababu hii ya pili na huweka daraja la 2 kwa mama anayenyonyesha aliyepita siku 42. Mtoa huduma anayekutana na maandishi ya pande zote mbili asishangae kuyaona yakipishana. Mimi husimama na mpaka wa miezi sita kila panapokuwa na njia nyingine nzuri ya kumpa mama, na karibu kila mahali njia hiyo huwapo.

Hatua ya tatu: Pima unyonyeshaji wenyewe

Hapa ndipo uamuzi wa pete ya projesteroni unapopatikana, na hapa ndipo pa kutumia muda. Sharti ni kwamba mtoto anyonye titi angalau mara nne kwa siku. Sharti hilo linatokana na namna pete inavyofanya kazi. Mtoto anapovuta titi, ishara hupanda hadi kwenye ubongo wa mama, homoni ya prolaktini huongezeka, na homoni zinazosukuma yai lipevuke hupungua. Projesteroni ya pete huongeza nguvu ya hali hiyo ambayo tayari ipo, na vilevile huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito. Kiasi kinachotoka ni kidogo, na bila kunyonya kwa mtoto hakitoshi kusimama peke yake. Panapofuatwa masharti, mimba huwa ni moja hadi mbili kwa kila wanawake 100 katika mwaka wa kwanza.

Swali la “unamnyonyesha mara ngapi?” huleta jibu la heshima badala ya hesabu. Mama wengi hujibu “sana tu” au “kila anapotaka”, na majibu hayo ni ya kweli lakini hayahesabiki. Njia bora ni kuipitia siku ya jana pamoja naye, tangu kuamka hadi kuamka tena, huku ukiweka alama kwenye karatasi. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

“Mama, tuanze jana asubuhi. Mtoto alipoamka ulimpa nini?”

“Nilimnyonyesha, halafu nikajiandaa kwenda kazini.”

“Ulipokuwa kazini alilishwa nini?”

“Nilimwachia maziwa niliyokamua. Alipewa mara mbili.”

“Uliporudi?”

“Nilirudi saa kumi na moja, akanyonya palepale. Akanyonya tena kabla ya kulala.”

“Na usiku aliamka?”

“Hapana, siku hizi analala mpaka kunakucha.”

Mtoto huyu amelishwa maziwa ya mama mara tano kwa siku, na mama yake ana kila haki ya kusema kwamba ananyonyesha vizuri. Hata hivyo, alama kwenye karatasi ni tatu tu, kwa sababu titi lilinyonywa asubuhi, jioni na kabla ya kulala. Maziwa yaliyokamuliwa yanamlisha mtoto lakini hayahesabiwi hapa, kwa kuwa kukamua hakuaminiki kuleta ishara ileile ambayo mdomo wa mtoto huleta. Kwa siku kama hiyo, mama huyu hastahili pete ya projesteroni, na ni lazima aelezwe sababu kwa upole, asije akaondoka akidhani ameambiwa kwamba maziwa yake hayatoshi au kwamba amekosea kurudi kazini.

Baada ya siku ya jana, uliza kama ilikuwa siku ya kawaida. Siku ya mapumziko inaweza kuwa na minyonyo minane na siku ya kazi mitatu, na katika hali hiyo siku ya kazi ndiyo inayoamua. Uliza pia kinachokuja: ni lini anarudi kazini au shuleni, kama ana safari ya kumwacha mtoto, na ni lini anapanga kumwanzishia uji au maziwa mengine. Vyakula vya nyongeza peke yake havimwondoi mama kwenye pete, mradi minyonyo minne ibaki. Lakini mama anayenyonyesha mara sita leo na anayetarajia kurudi kazini baada ya wiki mbili anapaswa kusikia leo kwamba pete hii huenda ikamfaa kwa wiki hizo mbili tu. Baadhi yao, wakilisikia hilo, huchagua njia nyingine palepale, na uchaguzi huo ni wa busara.

Mama wa mapacha huhesabiwa nyakati za kunyonyesha wala si idadi ya watoto. Wote wawili wakinyonya kwa pamoja mara tatu, hizo ni nyakati tatu.

Hesabu hiyohiyo hutumika kwa pete ya mchanganyiko, ila maana yake hugeuka. Pale, kadiri mtoto anavyotegemea zaidi titi la mama, ndivyo sababu ya kusubiri inavyokuwa kubwa. Mtoto wa miezi mitano ambaye chakula chake karibu chote ni maziwa ya mama humweka mama yake daraja la 3, hata kama mama mwenyewe ana afya njema kabisa.

Hatua ya nne: Jiridhishe kwamba hana ujauzito

Kwa mama anayenyonyesha, mara nyingi hatua hii hujibika bila kipimo. Ikiwa mtoto hajafikisha miezi sita, anapata maziwa ya mama peke yake au karibu peke yake, na hedhi haijarudi, mtoa huduma anaweza kuwa na uhakika wa kutosha kwamba hakuna mimba, kwa kuwa masharti hayo matatu yakikaa pamoja huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98. Uhakika wa kiasi hicho hupatikana pia kwa aliyejifungua ndani ya wiki nne zilizopita, kwa ambaye hajakutana na mwanamume tangu ajifungue, kwa aliyeanza hedhi ndani ya siku saba zilizopita, na kwa aliyekuwa akitumia njia nyingine ya kuaminika bila kukatiza. Jibu moja tu la ndiyo linatosha.

Uliza kuhusu damu kwa uangalifu. Kwa mama anayenyonyesha kikamilifu, damu inayoonekana ndani ya siku 56 za mwanzo haihesabiwi kuwa hedhi. Baada ya siku hizo, kutokwa na damu kuchukuliwe kuwa hedhi imerudi. Hedhi iliyorudi haimaanishi kwamba mama hawezi kupewa pete, lakini inaondoa kinga aliyokuwa akiitegemea na inaleta upya swali la ujauzito.

Ikiwa hakuna jibu lolote la kumtoa mashaka, tumia kipimo cha mkojo, ukikumbuka kwamba katika wiki chache za mwanzo baada ya kujifungua kipimo kinaweza kuonyesha homoni iliyobaki ya mimba iliyopita. Pasipo na kipimo, mpe kondomu na tarehe ya kurudi.

Hatua ya tano: Maradhi na dawa

Kwa pete ya projesteroni, vigezo vya WHO vya 2015 vinataja kunyonyesha tu na havikuweka daraja kwa kila ugonjwa. Kwa hiyo mtoa huduma hutegemea maelezo ya pakiti na tahadhari zilizozoeleka kwa vidonge vya projestini pekee. Anayehitaji kuchujwa hasa ni mama mwenye saratani ya matiti, ya sasa au aliyowahi kutibiwa. Mwenye uvimbe wa ini au ini lililoharibika vibaya. Mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu au mapafu kwa sasa. Na mwenye kutokwa na damu ukeni ambako chanzo chake hakijajulikana. Huyu wa mwisho achunguzwe kwanza, kwa sababu pete inaweza kubadilisha mpangilio wa damu na kuficha tatizo ambalo lilipaswa kuonekana mapema. Usidhani kila damu baada ya uzazi ni ya uzazi: damu inayozidi badala ya kupungua, inayonuka, au inayoambatana na homa au maumivu ya tumbo ni dalili ya ugonjwa na hupewa rufaa siku hiyohiyo.

Kisha uliza dawa kwa kutaja majina. Swali la “unatumia dawa yoyote?” hujibiwa hapana na watu wanaomeza vidonge kila siku, kwa kuwa wao huziita za kifua au za kifafa, na hazimo katika fikra zao za siku hiyo. Rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitali, hulifanya ini livunje homoni kwa kasi. Kiasi cha homoni kwenye pete ni kidogo tangu mwanzo, hivyo kwa mama huyu ningeiweka pete pembeni na kumwelekeza kwenye kitanzi cha shaba au sindano ya miezi mitatu, ambazo dawa hizo haziziharibu. Kuishi na Virusi vya Ukimwi si kizuizi cha pete.

Orodha ya pete ya mchanganyiko ni ndefu zaidi, nayo huanza na kipimo cha shinikizo la damu. Usimpe mama pete hii bila kumpima. Kuanzia 140 kwa 90 mama yuko daraja la 3, na kuanzia 160 kwa 100 yuko daraja la 4. Aliyepata shinikizo la damu wakati wa ujauzito lakini sasa limerudi kuwa la kawaida yuko daraja la 2, na mara nyingi hulitaja yeye mwenyewe ukimuuliza kama aliwahi kulazwa kabla ya kujifungua au kama miguu na uso vilivimba.

Yafuatayo humweka daraja la 4 moja kwa moja: aliyewahi kupata kiharusi, ugonjwa wa mishipa ya moyo, au damu kuganda kwenye mishipa ya miguu au mapafu; mwenye umri wa miaka 35 au zaidi anayevuta sigara 15 au zaidi kwa siku; mwenye saratani ya matiti kwa sasa; mwenye ini lililoharibika vibaya; na mwenye kipanda uso kinachotanguliwa na dalili za macho. Hilo la mwisho linahitaji swali la kina. Usiulize tu kama anaumwa kichwa, kwani mama mwenye mtoto mchanga asiyeumwa kichwa kwa kukosa usingizi ni nadra. Muulize kama kabla ya maumivu huona mistari inayomeremeta ya upindeupinde au sehemu ya anachokitazama ikipotea, hali inayoongezeka kidogo kidogo na kudumu dakika kadhaa, au kama mkono au upande wa uso hufa ganzi. Akikubali, asipewe pete yenye estrojeni kwa umri wowote.

Mama aliye karibu na mpaka wa wiki sita aulizwe pia jinsi alivyojifungua. Upasuaji, kutokwa na damu nyingi, kuongezewa damu, unene uliopindukia na kulala kitandani kwa muda mrefu huongeza uwezekano wa damu kuganda. Mtazame miguu: mguu mmoja uliovimba na kuuma upande wa nyuma hauhitaji mjadala wa uzazi wa mpango, unahitaji daktari haraka.

Hatua ya sita: Uke

Hatua hii ni fupi. Uchunguzi wa ndani si sharti la kuanza pete, na kumlazimisha mama aliyejifungua juzi apande kitandani bila sababu ni kumkimbiza. Fanya uchunguzi iwapo ana malalamiko, kwa mfano kidonda cha msamba kisichopona, uchafu wenye harufu, maumivu, mkojo au haja kubwa kupita ukeni, au hisia ya kitu kinachoshuka. Fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo au haja kubwa ukeni, inahitaji rufaa. Kizazi au ukuta wa uke ulioshuka unaweza kufanya pete itoke mara kwa mara, na kwa mama huyo njia nyingine humpunguzia adha. Fangasi na maambukizi mengine ya kawaida hutibiwa, na pete haikataliwi kwa sababu yake.

Lililo kubwa zaidi kuliko uchunguzi ni kujua kama yuko tayari kuishika na kuiingiza mwenyewe. Mpe pete ya mfano mkononi, mwonyeshe anavyoibana kwa vidole ikawa nyembamba, na umwambie kwamba haina mahali maalumu pa kukaa ndani: ikiwa imeingia vya kutosha haisikiki, na ikisikika aisukume zaidi kwa kidole. Mama ambaye sura yake inakunjamana wakati huo ameshakupa jibu, na asishawishiwe. Anayehofia kwamba mwenzi wake ataihisi aambiwe ukweli kwamba baadhi huihisi na wengi haiwasumbui. Aelezwe pia kwamba pete haimkingi na magonjwa ya zinaa.

Hatua ya saba: Kutoa uamuzi

Anayestahili pete ya projesteroni anaweza kuiingiza siku hiyohiyo. Kwenye kadi yake kuwe na tarehe tatu: ya kuingiza, ya kubadilisha baada ya siku 90, na siku mtoto atakapotimiza mwaka mmoja, ambapo matumizi hukoma. Andika tarehe zenyewe, kwa kuwa “baada ya miezi mitatu” husahaulika.

Mweleze kwamba pete isikae nje kwa zaidi ya saa mbili ndani ya siku moja. Ikitoka wakati wa kujikamua chooni, jambo ambalo hutokea, aioshe kwa maji safi yasiyo ya moto na airudishe. Anaweza kuona matone ya damu, ute mwingi kidogo au matiti kuuma, na anaweza pia kukaa miezi mingi bila hedhi, hali ambayo haina madhara. Kuhusu mtoto, projesteroni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, na ikimezwa huvunjwavunjwa kabla ya kuingia kwa wingi katika damu yake. Ukuaji wa watoto wa mama wanaotumia pete hii haujaonekana kuathirika. Wengi huuliza hilo mwishoni wakiwa mlangoni, kwa hiyo ni vizuri kulisema mapema kabla hawajauliza.

Asiyestahili aondoke na njia nyingine mkononi. Kondomu zinafaa wakati wowote. Vidonge vya projestini pekee na vipandikizi viko daraja la 2 kabla ya wiki sita, na daraja la 1 kuanzia hapo na kuendelea. Sindano ya miezi mitatu iko daraja la 3 kabla ya wiki sita, na huwa ya daraja la 1 kuanzia wiki hizo. Kitanzi cha shaba huwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua au kuanzia wiki ya nne. Mama anayetimiza masharti matatu ya kunyonyesha kikamilifu anaweza kutegemea kunyonyesha kwenyewe hadi mtoto afikishe miezi sita, mradi ajue siku ambayo kinga hiyo itakwisha.

Hatua ya nane: Kupima tena kila anaporudi

Kustahili kwa pete ya projesteroni hakudumu. Kila mama anaporudi kwa pete mpya, ipitieni tena siku ya jana kama mara ya kwanza, kwa sababu mtoto wa miezi tisa hanyonyi kama wa wiki sita. Usimkabidhi pete kwa kuwa tu alipewa ile iliyopita. Minyonyo ikiwa imeshuka chini ya minne, pete isimame na njia nyingine ianze siku hiyohiyo, bila kusubiri hedhi, kwa sababu yai la kwanza huweza kupevuka kabla ya damu ya kwanza kuonekana.

Hali hii inaweza kumkuta mama akiwa nyumbani, katikati ya siku 90, mtoto anapougua na kukataa titi au anapoachishwa ghafla. Aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba mtoto akipunguza kunyonya, atumie kondomu na aje kituoni bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Aje pia bila kungoja akipata maumivu ya kifua, kuvimba mguu mmoja, maumivu makali ya kichwa asiyoyazoea, macho kuwa ya manjano, au damu nyingi kuliko hedhi yake ya kawaida. Anayetumia pete ya mchanganyiko baada ya miezi sita apimwe shinikizo la damu katika ziara zake, na aulizwe kama maziwa yamepungua tangu aanze. Yakiwa yamepungua na mtoto bado anayahitaji, mbadilishie njia isiyo na estrojeni.